Kwa nini hifadhidata huamka nzito kila asubuhi: jibu kuhusu ukomboaji wa kumbukumbu katika Linux

Swali: Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni msimamizi wa seva katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, upande wa Kilindini. Seva yetu ina RAM ya GB 16 na inatumia Ubuntu 22.04 yenye kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) toleo 5.15. Ndani yake mna hifadhidata ya PostgreSQL, pamoja na hati zilizoskaniwa za kiasi cha GB 400, faili zaidi ya milioni moja. Kila saa nane usiku hati hizo hunakiliwa kwenye diski ya nje: skripti husoma kila faili na kupiga hesabu ya uhakiki, kisha huinakili. Saa mbili asubuhi wenzangu wanapoanza kazi, mfumo huwa mzito kwa muda wa karibu saa nzima. Fundi aliyenitangulia aliweka kazi ya cron (ratiba inayojiendesha) ya kumwaga kache (nakala za faili zinazobaki kwenye RAM) kila baada ya saa moja, na akashusha swappiness (namba ya utayari wa kerneli kuhamishia data kwenye swapu, yaani sehemu ya diski inayoisaidia RAM) hadi 0, lakini sioni nafuu. Je, iko njia ya kuboresha jinsi kerneli inavyokomboa kumbukumbu iliyoshikwa na kache, au nimwambie bosi anunue RAM?

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada. Umenieleza mambo mengi kwa maneno machache, na moja kati ya hayo, lile la skripti kusoma kila faili kabla ya kuinakili, ndilo lenye ufunguo wa tatizo lako. Nitalifikia. Kwanza niiondoe ile kazi ya cron, maana hiyo haina mjadala.

Kuandika 3 katika /proc/sys/vm/drop_caches huiamuru kerneli itupe kurasa zote safi za faili, na pamoja nazo kumbukumbu za majina ya faili na inodi (rekodi ya sifa za kila faili). Amri hiyo haina uchaguzi wowote ndani yake. Ukurasa wa faharasa ya hifadhidata ambao makarani wako wameugusa mara elfu tangu asubuhi hutupwa sawasawa na ukurasa wa hati ya mwaka juzi uliosomwa mara moja usiku. Maelezo rasmi ya kerneli yanasema waziwazi kwamba faili hiyo haikuwekwa iwe njia ya kudhibiti ukuaji wa kache, na kwamba kuitumia hivyo kwaweza kuleta uzito. Kazi yake halali ni ya maabara: unapopima kasi ya diski na unataka kila jaribio lianze na kache tupu. Nadhani aliyekutangulia aliangalia matokeo ya amri ya free, akaona safu ya kumbukumbu iliyo tupu ina MB mia chache tu, akaingiwa na hofu. Hofu hiyo ni ya zamani, na ndiyo sababu tangu toleo 3.14 la mwaka 2014 kerneli inatoa hesabu ya MemAvailable, yaani makadirio ya kumbukumbu inayoweza kupewa programu mpya bila kuingia kwenye swapu. Hiyo ndiyo namba ya kutazama. Kumbukumbu iliyokaa bure haimfai mtu yeyote, kwa hiyo kerneli huijaza kache kwa makusudi na kuiachia inapohitajika.

Sasa tuje kwenye huko kuachia kwenyewe, ambako mimi nakuita kukomboa, ndugu wa lile neno kugomboa ambalo watu wa mizigo wanalijua. RAM yako ya GB 16 imegawanywa katika kurasa za KB 4, ambazo jumla yake ni zaidi kidogo ya milioni nne. Kila ukurasa una gharama yake ya kukombolewa. Ukurasa wa faili ambao haujabadilishwa ni rahisi, kwa kuwa nakala yake iko diskini, hivyo hutupwa papo hapo. Ukurasa wa faili uliobadilishwa ni lazima uandikwe diskini kwanza. Ukurasa usio na faili nyuma yake, kama data ambayo programu imejitengenezea yenyewe, hauna pa kwenda ila kwenye swapu. Kazi ya kukomboa hufanywa na mchakato wa ndani uitwao kswapd, ambao huamshwa kumbukumbu huru inaposhuka chini ya alama ya chini na huendelea mpaka ifike alama ya juu. Endapo kswapd atazidiwa na kumbukumbu huru ikafika alama ya dharura, programu inayoomba kumbukumbu husimamishwa na kulazimishwa kukomboa yenyewe kabla ya kupewa. Karani anayesubiri skrini ifunguke hajui kwamba programu yake imepewa kazi ya ufagizi.

Kerneli huamuaje ukurasa upi uondoke? Katika toleo lako, kurasa za faili hupangwa katika orodha mbili, moja ya kurasa hai na nyingine ya kurasa zilizolala. Mpango wa kutenganisha orodha za faili na za kurasa zisizo na faili uliingia katika toleo 2.6.28, mwishoni mwa mwaka 2008, na hoja yake ilikuwa nzuri. Ukurasa mpya wa faili huingia katika orodha ya waliolala. Ukisomwa tena kabla haujafika mkiani, hupandishwa kwenye orodha ya walio hai. Usiposomwa tena, hufika mkiani na kutupwa. Kwa mpango huu, mtu anayesoma GB 400 mara moja hapaswi kumdhuru yeyote, kwa sababu kurasa zake hupita katika orodha ya waliolala na kutoka bila kuwagusa walio hai.

Lakini skripti yako haisomi mara moja. Husoma faili ili kupiga hesabu ya uhakiki, na sekunde chache baadaye huisoma tena ili kuinakili. Hati ya skani ya MB moja au mbili haiwezi kuwa imefika mkiani mwa orodha katika muda huo. Kerneli huona ukurasa umeguswa mara mbili kwa karibu, ikahitimisha kwamba ni ukurasa unaopendwa, ikaupandisha. Chukua mfano wa karani wa yadi ya makontena mwenye desturi ya kusogeza karibu na lango kila kontena linaloguswa mara mbili. Kontena linalofunguliwa kukaguliwa, kisha kubebwa, limeguswa mara mbili, na bado halirudi tena maishani mwake. Kufikia alfajiri lango lote limezibwa na makontena ya namna hiyo, na yale ya wateja wa kila siku yamesukumwa nyuma kabisa. Karani hakukosea hesabu, ila alama aliyoitegemea ilikuwa ya uongo. Ongeza kwamba kurasa zinazoandikwa kwenye diski ya nje nazo hupita katika kache hiyohiyo, kwa hiyo usiku mmoja hupitisha takriban GB 800 katika kumbukumbu ya GB 16.

Kerneli ina njia ya kugundua kosa lake. Kazi ya Johannes Weiner, mmoja wa waandishi wa kerneli, iliyoingia katika toleo 3.15 mwaka 2014, huacha kivuli kidogo mahali pa ukurasa uliotupwa, chenye hesabu ya wakati ulipotupwa. Ukurasa ukirudi, kerneli hulinganisha umbali kati ya kutupwa na kurudi na ukubwa wa kumbukumbu iliyoshikwa na kurasa hai. Ikiwa umbali ni mdogo, maana yake ukurasa ule ungesalimika lau nafasi ingegawanywa vizuri zaidi, hivyo hurudishwa moja kwa moja miongoni mwa walio hai. Ndiyo maana uzito wako huisha baada ya saa moja: makarani wanazifufua kurasa zao moja baada ya moja. Vilevile hapa ndipo penye kipimo cha kukusaidia. Soma namba ya workingset_refault_file (hesabu ya kurasa za faili zilizotupwa kisha zikarudi) katika /proc/vmstat saa mbili kasorobo asubuhi, uisome tena saa tatu, kisha upime muda wa saa moja wa namna hiyo alasiri. Ikiwa asubuhi inapanda kwa kasi na alasiri haisogei sana, ugonjwa ni huu ninaoueleza. Pamoja nayo utazame /proc/pressure/memory, iliyokuja na toleo 4.20, ambayo hueleza ni asilimia ngapi ya muda kazi zimesimama zikingoja kumbukumbu. Mimi huiamini namba hiyo kuliko grafu yoyote ya RAM iliyotumika, kwa sababu hupima kile anachokihisi mtumiaji.

Tiba ninayoipendekeza kwanza haihitaji kerneli mpya wala kubadilisha skripti. Ubuntu 22.04 hutumia vikundi vya udhibiti (cgroups, mafungu ya michakato yenye mipaka yake ya kumbukumbu) vya toleo la pili, na katika vikundi hivyo kila ukurasa wa kache huandikwa katika hesabu ya kikundi kilichouleta kumbukumbuni. Endesha kazi ya usiku kwa systemd-run --scope -p MemoryHigh=1G, ukifuatisha jina la skripti yako. Kazi hiyo ikivuka GB 1, kerneli haitawaendea majirani, bali itakomboa kurasa za kikundi hichohicho na, ikibidi, kukipunguzia mwendo. Kumbukumbu za inodi na majina ya faili nazo huhesabiwa humo, jambo lenye uzito kwako. Inodi ya ext4 (mfumo wa faili wa Linux) kumbukumbuni huchukua karibu KB 1, na jina lake huongeza baiti mia mbili hivi, kwa hiyo kupita faili milioni moja huweza kushika zaidi ya GB 1 kabla hujahesabu yaliyomo ndani ya faili hizo. Watu wengi husahau hilo na kumlaumu PostgreSQL.

Upande wa pili ni kuikinga hifadhidata kwa MemoryLow, yaani kiasi cha kumbukumbu ambacho kerneli hujiepusha kukigusa, na hapa nimewaona mafundi wazuri wakikwama. Kinga ya kikundi haiwezi kuzidi kinga ya wazazi wake. Katika Ubuntu, huduma ya hifadhidata iko ndani ya system-postgresql.slice, nayo iko ndani ya system.slice. Ukiiwekea huduma MemoryLow ya GB 4 na kuwaacha wazazi hao wawili na sifuri, umeandika maneno tu. Kerneli itasoma sifuri. Weka thamani hiyo katika ngazi zote tatu, kisha uhakiki kwa kusoma faili ya memory.low ya kila ngazi chini ya /sys/fs/cgroup. Na kama shared_buffers yako (kumbukumbu ambayo PostgreSQL imejitengea) ni GB 4, iweke katika kurasa kubwa za MB 2, yaani kurasa 2,048 na nyongeza kidogo, kwa vm.nr_hugepages. Kurasa hizo hazikombolewi kabisa wala haziendi kwenye swapu, na kerneli huondolewa mzigo wa kuzichunguza.

Kuhusu swappiness, thamani ya kawaida ni 60, na sifuri si busara inavyodhaniwa. Ukiweka 0, umeiambia kerneli isiguse kurasa zisizo na faili mpaka karibu kila kitu kingine kiwe kimekwisha. Maana yake ni kwamba data ya huduma fulani iliyowashwa mwezi uliopita na haijaamka tangu hapo inalindwa, huku kurasa motomoto za faharasa zikitupwa. Namba hiyo hueleza uwiano wa gharama kati ya kusoma kutoka swapu na kusoma kutoka faili. Thamani ya 100 inasema gharama ni sawa, na tangu toleo 5.8 inaweza kufika 200, kwa ajili ya swapu iliyo na kasi kuliko diski ya faili, kama ile iliyobanwa ndani ya RAM kwa zram. Irudishe 60 kwa sasa. Ikiwa swapu yako iko kwenye SSD na hati ziko kwenye diski za kuzunguka, baadaye unaweza kujaribu kuisogeza kuelekea 100, lakini usibadilishe mambo mawili usiku mmoja.

Kuna namba nyingine ndogo isiyotajwa sana, watermark_scale_factor. Thamani yake ya kawaida ni 10, yaani sehemu 10 za 10,000 za kumbukumbu, ambayo kwa GB 16 ni takriban MB 16 kati ya alama moja na nyingine. SSD inayosoma MB 500 kwa sekunde huila nafasi hiyo kwa chini ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde. Kswapd anayeamshwa wakati huo hana muda wa kutosha, na programu huangukia katika ule ufagizi wa lazima. Angalia hesabu zinazoanza na allocstall katika /proc/vmstat; zikiwa zinapanda wakati wa nakala, ipandishe namba hiyo hadi 100. Utakuwa umetoa kafara MB mia moja na ushei za kache ili kswapd aanze kazi mapema, na kwa seva yako naona ni bei ya haki. Zikiwa hazipandi, iache ilivyo.

Diski ya nje nayo ina shauri lake. Kerneli huanza kuandika kurasa zilizobadilishwa zinapofika asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, na huwazuia waandishi zinapokaribia asilimia 20. Kwa seva yenye GB 10 zinazopatikana, hiyo ni GB 2 zilizorundikwa zikisubiri diski ya USB. Kwa mwendo wa MB 80 kwa sekunde ni sekunde 25 za kurasa ambazo haziwezi kukombolewa kwa haraka, na ambazo hupotea umeme ukikatika na UPS ikikusaliti, jambo ambalo sisi wa pwani hatuhitaji kuhadithiwa. Tumia vm.dirty_background_bytes na vm.dirty_bytes badala ya asilimia, kwa mfano MB 64 na MB 256, ili mtiririko uwe mwembamba na wa kudumu.

Ukitaka kuirekebisha skripti yenyewe, lifanye lile lililo dhahiri: piga hesabu ya uhakiki na kunakili katika usomaji mmoja, kwa kuigawa njia ya data kwa tee, amri inayopeleka data ileile sehemu mbili. Programu iliyoandikwa vizuri inaweza pia kuiambia kerneli, kwa posix_fadvise na ishara ya POSIX_FADV_DONTNEED, kwamba imemaliza na faili hiyo. Kumbuka tu kwamba ishara hiyo hutupa kurasa safi pekee, hivyo upande wa kuandika ni lazima utangulize fsync (amri ya kuandika diskini kilichosubiri), la sivyo haitakuwa na athari. Kerneli 6.14 ya mwaka 2025 imeongeza alama ya RWF_DONTCACHE, inayoruhusu kusoma na kuandika kwa njia ya kawaida huku kurasa zikiondolewa mara kazi inapokwisha, lakini hiyo ni ya waandishi wa programu na kwa seva yako bado iko mbali.

Sasa nijibu swali lako kama ulivyoliuliza, kuhusu kuboresha kerneli yenyewe. Kazi kubwa ya miaka ya karibuni ni ile ya Yu Zhao wa Google, MGLRU, iliyoingia katika toleo 6.1 mnamo Desemba 2022. Badala ya orodha mbili, kurasa hupangwa katika vizazi, kwa kawaida visivyozidi vinne, na kerneli hutembea katika majedwali ya kurasa ya michakato kutafuta zilizoguswa, badala ya kumfuatilia kila ukurasa kinyumenyume hadi kwa wenyewe. Katika vipimo ambavyo Zhao aliviambatanisha na kazi hiyo, kutoka katika vifaa vya Android na Chrome OS, matumizi ya kichakato ya kswapd yalipungua kwa asilimia 40. Vifaa hivyo si seva ya forodha, kwa hiyo usiitarajie namba hiyohiyo Kilindini. Kinachokuhusu wewe ni kingine. Chini ya MGLRU, ukurasa wa faili uliosomwa mara mbili kwa njia ya kawaida haupandishwi kwa sababu hiyo tu. Huwekwa katika daraja la waliosomwa mara kadhaa, na daraja hilo hukingwa ikiwa tu takwimu zinaonyesha kwamba kurasa zake, zikitupwa, hurudi kwa wingi kuliko za daraja la chini. Hati zako za usiku hazirudi. Kwa hiyo yule karani wa yadi ameacha kuhesabu miguso na ameanza kuuliza kontena lipi hurudiwa na mwenyewe, na hilo kwangu ndilo boresho lenyewe hasa.

Ubuntu 22.04 inaweza kupokea kerneli 6.8 kupitia njia yake ya HWE, inayoletea toleo la zamani kerneli mpya zaidi. Ukishapanda, soma /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled. Ukiona 0x0007, MGLRU inafanya kazi kwa ukamilifu, na ukiona sifuri, andika y humo. Faili jirani ya min_ttl_ms huilinda seti ya kurasa zilizotumika ndani ya milisekunde utakazotaja, ila uwe mwangalifu nayo, kwa kuwa kerneli ikishindwa kutimiza ahadi hiyo huchagua kuua mchakato badala ya kuwatesa wote. Kwenye seva ya hifadhidata mimi huiacha sifuri.

Kuhusu bosi na RAM: mafuriko ya GB 800 yataijaza GB 32 kama yanavyoijaza GB 16, na asubuhi itakuwa ileile, baada ya fedha kutoka. Kwa hiyo ondoa cron usiku wa leo, rudisha swappiness, weka MemoryHigh kwa nakala, na uache wiki moja ipite ukiandika zile namba za asubuhi na alasiri. Ikiwa asubuhi imetulia lakini workingset_refault_file inaendelea kupanda mchana kutwa, wakati hakuna nakala inayoendeshwa, na /proc/pressure/memory inaonyesha muda unapotea, basi kurasa ambazo makarani wanazihitaji kweli zimezidi nafasi iliyopo. Hapo mpelekee bosi namba hizo pamoja na bei ya RAM.